Chapa ya supamaketi: kilichopunguzwa ni matangazo au ni chakula?

Mwisho wa mwezi, kwenye supamaketi yoyote ya Nakuru au Kisumu, rafu ya unga ndiyo inayosimamisha watu muda mrefu kuliko zote. Mkono mmoja umeshika pakiti inayojulikana tangu utotoni, na mwingine umeshika pakiti yenye jina la duka lenyewe. Tofauti ya bei huwa ni shilingi kumi, kumi na tano, pengine ishirini. Kwa anayepika mara moja moja hizo si kitu. Kwa nyumba inayosonga ugali kila jioni, na watoto wanne mezani, pesa hizo zikikusanywa kwa mwezi zinanunua omena au zinalipia mitungi kadhaa ya maji.

Kwa hiyo swali la kama chakula chenye jina la duka kinafaa si dogo, na majibu mawili yanayosikika sana hayatoshi. Wapo wanaosema rahisi ni ghali, na wapo wanaosema vyote vinatoka kiwanda kimoja. Kila upande una ukweli wake kwa bidhaa fulani na unapotosha kwa bidhaa nyingine. Mimi naona lipo swali moja linalosaidia kuliko yote: bei hii imeshuka kwa sababu wameondoa nini? Kama walichoondoa ni tangazo la redio na bango la barabarani, nunua bila wasiwasi. Kama walichoondoa ni nyanya ndani ya sosi, hujapata nafuu yoyote, umeuziwa kidogo kwa bei ya kidogo.

Kwanza tuelewe pakiti hiyo inatoka wapi. Supamaketi kwa kawaida haina kinu wala kiwanda cha mafuta. Inafanya mkataba na msagaji au mpakiaji: tia bidhaa hii kwenye pakiti zenye jina langu, nitachukua shehena ya kiasi hiki kila wiki. Mwenye kiwanda hukubali kwa sababu mashine iliyosimama inakula pesa, na mteja wa uhakika anaiweka kazini. Halipii tangazo, hatumi vijana wa mauzo kuzunguka madukani, wala hawaweki wasichana mlangoni kuonjesha wateja.

Kuna gharama nyingine ambayo mnunuzi haioni. Mwenye chapa inayojulikana hulipia nafasi yake kwenye rafu kwa njia nyingi, kuanzia punguzo la lazima hadi marejesho ya asilimia ya mauzo. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza Majid Al Futtaim, kampuni inayoendesha Carrefour hapa nchini, faini ya shilingi bilioni 1.1 kwa kutumia vibaya nguvu zake kama mnunuzi dhidi ya wauzaji wawili, Woodlands Company na Pwani Oil. Madai ya namna hiyo yanapowekwa juu ya mwenye chapa, mahali pake pa kuyafidia ni bei ya pakiti. Chapa ya duka hailipi kodi ya kukaa kwenye rafu ya mwenyewe. Basi sehemu ya nafuu tunayoiona ni halali kabisa, haijatoka kwenye chakula.

Lakini kutoka hapo watu huruka haraka hadi kusema "ni unga ule ule." Huenda ni ule ule, huenda si ule ule. Kinachoamua ni mkataba. Duka linaweza kuagiza unga wa daraja moja na ule wa chapa ya msagaji, na linaweza pia kuagiza wa daraja la chini, mchele wenye vipande vingi zaidi, au majani ya chai yenye nyuzi nyingi. Kinu ni kimoja, maagizo ni mawili.

Anza na bidhaa ambazo ndani yake mna kitu kimoja tu. Sukari ni sukari. Watu wa huku tunaishi karibu na viwanda vyake: Chemelil na Muhoroni kaunti ya Kisumu, West Kenya inayotengeneza Kabras kule Kakamega, na Butali kaunti hiyo hiyo. Pakiti ya kilo moja yenye jina la supamaketi kwa kawaida imejazwa kutoka gunia la kilo 50, la kiwanda cha hapa au la kutoka nje. Chai yako haitajua tofauti. Tazama tu kama pakiti imefungwa vizuri, kama imeandikwa ilikotoka na nani ameipakia, na kama haina mabonge ya unyevu. Chumvi ni hivyo hivyo, mradi iwe imetiwa madini ya joto kama sheria inavyotaka.

Mafuta ya kupikia pia yamo kundi hili. Sehemu kubwa ya mafuta yanayouzwa kwa bei ya kawaida Kenya ni ya mawese, yanayoagizwa hasa kutoka Malaysia na Indonesia na kusafishwa hapa. Tangu 2012 sheria inataka yatiwe vitamini A, bila kujali chupa ina jina la nani. Jambo moja la kuangalia ambalo wengi hawalijui: mwanga huiharibu vitamini hiyo. Chupa inayopitisha mwanga, iliyokaa siku nyingi mbele ya dirisha la duka jua likiipiga, imeshapoteza sehemu ya kile ulichokilipia. Chukua ya ndani ya rafu, kisha nyumbani iweke kabatini.

Unga wa mahindi ni habari nyingine, na hapa naomba tuende polepole.

Hofu kubwa ya unga wa mahindi si ladha wala weupe. Ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi yaliyovunwa na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa upande wa Ukambani baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Moto wa jikoni hauiondoi. Huwezi kuionja, na unga uliosagwa ukawa mweupe hauonyeshi dalili yoyote. Kiwango kinachoruhusiwa Kenya ni mikrogramu 10 kwa kila kilo ya unga, na mahindi yanatakiwa yawe yamekauka hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5 kabla ya kuwekwa ghalani.

Je, chapa kubwa inakukinga? Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilipiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, na zilikuwemo zile ambazo kila nyumba inazijua. Januari 2020 likaongeza nyingine 17. Kwa hiyo anayesema "mimi nanunua jina ninalolijua, niko salama" hajakaa vizuri kuliko jirani yake anayenunua pakiti ya duka. Sumukuvu huja na shehena ya mahindi: yalivunwa wapi, mvua ilinyesha au haikunyesha wakati wa kuanika, yalikaa ghala gani. Mkulima wa Trans Nzoia anayevuna Oktoba au Novemba mvua zikiwa bado zinaanguka, asipate pa kukaushia, anaweza kuuza mahindi hayo kwa kinu chochote.

Hata hivyo chapa ya duka ina udhaifu wake wa pekee. Msagaji akibadilishwa, pakiti haibadiliki. Mwezi uliopita unga ulisagwa Eldoret, mwezi huu umesagwa kwingine, na wewe unaona rangi zile zile na jina lile lile. Na supamaketi inapoanza kuyumba kifedha, anayejiondoa kwanza kwenye mkataba ni msagaji mwenye soko kwingine, yaani mara nyingi yule mzuri. Hapa Nakuru hatuhitaji kufundishwa habari za maduka kuyumba. Kaunti hii ndiyo kitovu cha supamaketi za Kenya: jina Nakumatt lilitokana na Nakuru Mattresses, Tuskys na Naivas mizizi yao ni Rongai, na Quickmart ilianzia Nakuru mwaka 2006. Mbili za hizo, Nakumatt na Tuskys, zimeshafungwa na kuacha wauzaji wakidai pesa zao. Nakumatt ilikuwa na chapa yake, Blue Label, na siku duka lilipokufa chapa nayo ilikwenda.

Kwa hiyo pakiti ya unga wa duka igeuze nyuma. Sheria ya lebo inataka jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya shehena, tarehe ya kutengenezwa na ya kuharibika. Ukikuta jina la msagaji unayemfahamu, na bei iko chini, nunua. Tafuta pia alama ya ubora ya KEBS, na chini yake namba ya kibali. Chukua simu, andika SM kisha alama ya reli (#) kisha ile namba ya kibali, tuma kwa 20023. Utajibiwa kibali ni cha nani na kama bado kinafanya kazi. Ni kazi ya dakika moja. Alama hiyo haimaanishi kwamba pakiti uliyoishika imepimwa; inamaanisha kuna mtu anayejulikana anayeweza kuulizwa. Ukikuta imeandikwa tu kwamba imepakiwa kwa ajili ya supamaketi fulani, na mtengenezaji hatajwi popote, mimi huirudisha kwenye rafu hata kama ni ya bei ya chini kuliko zote.

Na unga wa kinu cha mtaani? Ukipeleka mahindi yako mwenyewe uliyoyachagua na kuyaanika, una faida ya kuyajua na unabaki na kiini chake. Unachokosa ni virutubishi ambavyo unga wa pakiti hulazimika kutiwa: madini ya chuma na zinki, foliki asidi na vitamini kadhaa. Kwa mama mjamzito na mtoto mdogo hilo ni jambo la kuzingatia.

Ngano sasa. Hapa swali linageuka kabisa, kwa sababu mtumiaji mmoja anaweza kuwa sahihi kununua ya bei nafuu na mwingine akawa anajiibia. Nilimsikiliza mama mmoja anayepika chapati Kondele, Kisumu. Nilimwuliza kwa nini hanunui unga wa duka wakati uko chini kwa shilingi kumi na tano kwenye pakiti ya kilo mbili. Hakuacha kukanda.

"Ndugu yangu, wewe unahesabu pakiti. Mimi nahesabu chapati."

Akanionyesha. Anamimina maji kidogo kidogo, anakanda, anamimina tena. Unga wenye nguvu unaendelea kuyanywa maji, donge linakuwa laini bila kunata mikononi. Ule mwingine, anasema, unakataa maji mapema, ukiyaongeza unakuwa uji, na ukisukuma chapati inapasuka katikati. Sababu ni protini ya ngano. Unga wenye protini nyingi hushika maji mengi zaidi, kwa hiyo kilo ile ile ya unga inatoa donge zito zaidi, na donge zito linatoa chapati zaidi. Kenya inaagiza sehemu kubwa ya ngano yake, na wasagaji huchanganya ya nje na ya huku kwetu, ya Narok, Njoro na Uasin Gishu. Mchanganyiko huo ndio unaoamua nguvu ya unga, na ndiko anayetaka kushusha bei anakoweza kupunguza.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme anauza chapati shilingi ishirini. Pakiti ikimtolea chapati moja pungufu, zile shilingi kumi na tano alizookoa zimekwisha, na tano juu yake. Lakini kwa mtu anayekaanga mandazi ya nyumbani au anayetengeneza uji wa mchanganyiko, nguvu ya unga haina uzito huo, na pakiti ya duka inamtosha kabisa.

Hesabu ya namna hiyo inafaa pia kwa maharagwe, ndengu na nafaka nyingine zinazopakiwa na supamaketi. Zimechambuliwa, hazina mawe, zimewekwa kwenye mfuko unaong'aa, na zinavutia. Tatizo ni umri. Maharagwe yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu huwa magumu kuiva. Unaweza kuyachemsha saa mbili na bado yanagonga jino. Kama umeokoa shilingi ishirini kwenye kilo ukachoma makaa ya zaidi ya hizo, au ukapunguza gesi ambayo ilikuwa ifike mwisho wa mwezi, hujaokoa kitu. Tafuta tarehe ya kupakiwa. Fahamu pia kwamba tarehe hiyo haisemi lini yalivunwa. Rosekoko iliyozeeka rangi yake huwa imefifia na kuelekea kahawia, na hiyo unaiona kupitia mfuko.

Kwa maharagwe, kusema kweli, mshindani wa chapa ya duka si chapa nyingine pale rafuni. Ni gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, ya soko la Kibuye au ya soko la Wakulima. Pale unatia mkono, unauliza mavuno ya msimu gani, unatafuna moja kuona kama limekauka. Unakubali kuchambua mawe mwenyewe. Msimu wa mavuno soko hushinda karibu kila mara. Mwezi ambao mahindi na maharagwe yameadimika, supamaketi iliyonunua shehena kubwa mapema inaweza kuwa na bei ya chini kuliko soko, na hapo pakiti ya duka ni ya kukimbilia. Ulinganishe kwa kilo, maana gorogoro hujazwa kwa mkono na mikono haifanani.

Mchele nao uangalie kupitia mfuko. Mchele wa Ahero unajulikana huku na bei yake inaeleweka. Penye neno "pishori", ule mchele wa kunukia, na bei iliyo chini mno, shuku mchanganyiko. Vipande vilivyovunjika si sumu, vinashiba sawa na punje nzima, ila vinashikana vikiiva. Kwa mchele wa watoto wa kila siku, pakiti ya duka yenye vipande vingi ni ununuzi mzuri. Kwa pilau ya wageni, lipa zaidi.

Kundi ambalo mimi nalionea shaka kubwa ni la vyakula vilivyochanganywa: sosi ya nyanya, jemu, juisi, siagi ya karanga, soseji. Hapa ndipo bei hushushwa ndani ya chupa. Sheria inataka viambato viandikwe kwa mpangilio wa uzito, kinachotangulia kikiwa ndicho kingi. Maandishi ni ya Kiingereza na herufi ni ndogo, lakini maneno yenyewe ni machache. Shika chupa mbili za sosi. Moja inaanza na nyanya, kisha sukari, siki, chumvi. Nyingine inaanza na maji, kisha sukari, kisha nyanya, kisha wanga wa kuifanya iwe nzito, kisha rangi. Ya pili ni ya bei nafuu kwa sababu umenunua maji yaliyotiwa sukari na wanga. Juisi nayo, tafuta asilimia ya tunda. Kama haimo, au kinachotajwa ni ladha tu ya embe, basi embe zima la sokoni na maji ya nyumbani vitakupa zaidi. Siagi ya karanga inayofaa ina karanga na labda chumvi. Ikianza kuwa na sukari na mafuta ya mawese mbele, ujue kilichopunguzwa. Na karanga, kama mahindi, hushikwa na sumukuvu, kwa hiyo jina la mtengenezaji ni muhimu hapo pia. Si kila chapa ya duka imekosea kwenye kundi hili, na zipo chapa kubwa zenye orodha mbaya zaidi. Orodha ndiyo isomwe, jina liachwe.

Majani ya chai yanaamuliwa na sufuria. Tunapika chai ya maziwa, na majani hafifu hayaonekani ndani ya maziwa. Ukilazimika kutia vijiko viwili mahali pa kimoja, bei imerudi ilipokuwa.

Mkate wa duka, ule unaookwa pale pale nyuma ya supamaketi, ni mojawapo ya nafuu za kweli kabisa. Hauna lori la kusambaza, hauna tangazo, na mara nyingi unaununua ukiwa moto. Angalia uzito tu, maana mkate wa gramu 400 na mdogo zaidi ya hapo unaweza kuonekana sawa ukiwa umefura vizuri.

Uzito, kwa hakika, ndio mtego mkubwa wa rafu nzima. Chupa ya mafuta ya mililita 900 kwa shilingi 270 inaonekana nafuu kando ya chupa ya lita moja ya shilingi 290. Igawanye: ya kwanza ni shilingi 300 kwa lita. Chapa za duka na chapa kubwa zote hufanya hivi, na simu yako ina kikokotoo.

Ukifika kwa keshia na pakiti hiyo ya duka, weka risiti. Unga wa chapa kubwa ukikutwa na wadudu, supamaketi inaweza kukutuma kwa msagaji, na msagaji akalilaumu ghala la supamaketi. Pakiti yenye jina la duka haina pa kukutuma. Anayeiuza ndiye aliyeiagiza, jina lake liko mbele, na meneja wake yuko pale pale. Rudisha na pakiti na risiti kabla hujamwaga kilichobaki, onyesha namba ya shehena, na udai pakiti nyingine au pesa yako.